“Sikuona”: Je, Ni Udhuru?

Kabla hamjaendelea na ukurasa huu, nawaomba nyote wawili mwende jikoni. Chukueni chujio la chai mliinue kwenye mwanga wa dirisha. Kisha fungueni themosi mwangalie ndani, chini kabisa, pale ambapo mkono haufiki. Mkisha kuangalia, ulizaneni: ni nani kati yetu aliyejua tutakachokiona kabla hatujakiona?

Katika nyumba nyingi ni mmoja tu aliyejua. Mwingine amekunywa chai ya themosi hiyo kila asubuhi, pengine kwa miaka mingi, na atasema kwa moyo mweupe kabisa, “Mimi sikuona.” Swali la mwezi huu ndilo hilo. Mtu akisema hakuona, je, amejitetea, au amekiri?

Nimeletewa kisa cha wenzi waliofunga ndoa miaka 14 iliyopita. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ilisali kwao jioni moja, na baada ya sala bwana wa nyumba akashika birika awaandalie wageni chai. Hilo ni jambo jema, nampongeza. Lakini aliposhika chujio na kuona limekuwa jeusi kama sufuria ya kuni, aliliinua juu na kusema, “Mama watoto, hata hili linakushinda?” Wageni wakacheka. Mama naye akacheka. Kwa wiki tatu baadaye alimpakulia mumewe chakula na kumjibu kwa maneno mawili mawili. Bwana alipombana aseme kuna nini, alijibu hivi: “Chujio lile liliacha kusuguliwa miezi mitano iliyopita. Nilitaka kujua utaliona lini.” Bwana akasema, “Lakini mimi sikuona!” Kila mmoja anataka nimwambie mwenzake kwamba amekosa.

Tuanze na chujio lenyewe, maana hatuwezi kuamua kesi bila kumjua mshtakiwa.

Majani ya chai yana tanini, ule ukakasi unaoukaza ulimi unapokunywa chai iliyokolea. Vitu vya ukoo huo huo vimo katika magome ya mikoko, ambayo watu wa Pwani waliyatumia tangu zamani kulainisha ngozi na kutia rangi. Hata chai isiyo na maziwa wengi huko huiita chai ya mkandaa, na mkandaa ni mkoko. Basi usishangae kwamba kitu kinachoweza kugeuza ngozi ya ng’ombe kuwa kiatu kinaweza pia kushika kikombe chako. Tanini ikikutana na hewa na chokaa iliyomo majini, hufanya utando mwembamba juu ya chai, ule unaouona kikombe kikisahauliwa mezani kikapoa. Utando huo hujishika ukingoni na kukauka. Mahali penye maji ya chokaa nyingi, kama visima vya Pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, hujishika upesi zaidi. Anayechemsha chai kwa maji ya mvua huuona kidogo.

Tena chai yetu ya Kenya kwa sehemu kubwa husagwa, kuchanwa na kukunjwa na mashine hadi iwe punje ndogo ndogo. Ndiyo maana inatoa rangi haraka hivyo, na ndiyo maana punje zake hujibana katika matundu ya chujio. Na sisi huichemsha pamoja na maziwa. Maziwa hukamata sehemu ya tanini, kwa hiyo kikombe cha chai ya maziwa hakishiki doa kama kikombe cha strungi; lakini maziwa nayo huacha mafuta na utando wake. Hivyo ukoga ulio kwenye chujio lenu si kitu kimoja. Ni tabaka za chai, maziwa na chokaa, zimepangana kama rangi kwenye ukuta wa nyumba ya zamani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha kesi yetu. Utando wa siku moja hauonekani. Wa siku mbili hauonekani. Hakuna asubuhi hata moja ambayo mtu angeweza kusema, “Jana lilikuwa safi, leo ni chafu.” Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo la namna hii kuhusu lundo la nafaka: punje moja si lundo, na kuongeza punje moja hakufanyi lundo, basi lundo hutoka wapi? Mume anayesema “sikuona” anasimama juu ya fumbo hilo, hata kama hajawahi kulisikia. Kila siku aliyotazama, hapakuwa na jipya la kuona. Katika hilo hasemi uongo, na mke asimwite mwongo.

Lakini kutosema uongo si kukosa hatia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika swali la 76 la Sehemu ya Kwanza ya Sehemu ya Pili ya *Summa* yake, aliuliza kama kutojua kunaweza kuwa dhambi. Alitenga mambo mawili. Yapo ambayo mtu hawezi kuyajua hata akijitahidi, na kwa hayo halaumiwi. Yapo pia ambayo anaweza kuyajua na yampasa ayajue, naye hayajui kwa uzembe tu. Hapo kutojua kwenyewe ndiko kosa. Kwa hiyo kumwuliza bwana “Je, uliona?” hakutufikishi mbali. Tumwulize, “Je, ilikupasa kutazama?”

Na hapa, bwana, ushahidi unakuelemea. Jicho lako ni zima. Unajua boliti ya gurudumu inapolegea kwa kusikia mlio wake tu. Unaijua ng’ombe isiyotafuna vizuri kabla daktari wa mifugo hajaijua. Na jioni ile, chujio lile lile ulilopita mbele yake siku mia moja na hamsini uliliona kwa nukta moja, kwa kuwa sasa kulikuwa na wageni nalo likakuaibisha. Kumbe uwezo wa kuona ulikuwapo, ila hukuwa umeutuma jikoni. Kuona kwa jikoni ulikuwa umemkabidhi mwenzako, bila kumwuliza, bila kumwambia, na bila kumshukuru.

Wengi hudhani kazi ya chujio ni kulisugua. Kusugua ni dakika tano. Kazi kubwa zaidi ni kukumbuka kwamba linahitaji kusuguliwa, kujua bakingi soda imebaki kiasi gani, kukumbuka kwamba Jumamosi kuna wageni. Kazi hiyo haionekani kwa mtu yeyote ila kwa anayeifanya, na huonekana kwa wengine siku ile tu isipofanyika. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume juu ya familia wa mwaka 1981, alidai kwamba kazi ya mwanamke nyumbani itambuliwe na kuheshimiwa na wote. Nasema tena: *na wote*. Pamoja na anayekunywa chai.

Kosa lake la pili ni zito kuliko la kwanza, nami sitalipunguza. Kutoona ni uzembe. Kuona na kuliinua mbele ya watu ni jambo jingine. Mke hakuonywa. Alitangazwa. Bwana akidhani ulikuwa utani, na amwulize mkewe kwa nini kicheko chake kilikoma wageni walipofika langoni.

Mama, sasa nina neno nawe, na usinikasirikie kabla sijamaliza.

Ulisema ulitaka kujua ataliona lini. Huo ulikuwa mtihani. Mwalimu atoapo mtihani, kwanza huwaambia wanafunzi kwamba leo kuna mtihani. Wewe ulimfanyisha mwenzako mtihani wa miezi mitano bila yeye kujua ameketi darasani, na kila siku iliyopita ulimwandikia sifuri. Mwisho wa miezi hiyo ulikuwa na daftari zima la sifuri, naye alikuwa hajui hata somo ni lipi. Nathubutu kusema hiyo si haki. Na zaidi ya kutokuwa haki, ilikudhuru wewe mwenyewe, kwa sababu anayengoja mwenzake ashindwe hatimaye huanza kufurahia kidogo anaposhindwa. Jichunguze kama hukusikia furaha hiyo chungu jioni ile, chini ya aibu yako.

Najua utakavyonijibu, kwa maana akina mama wengi wamenijibu hivyo: “Kwa nini mimi ndiye niseme? Nikimwagiza kila kitu, nimeongezewa kazi ya kuagiza juu ya kazi ya kuosha.” Jibu hilo lina kweli, na wanaume wanaolicheka hawajaliwaza. Kuagiza ni kazi. Mume anayesema “wewe niambie tu, nitafanya” anadhani ametoa zawadi kubwa, kumbe amejifanya kibarua na kumfanya mkewe mnyapara.

Kwa hiyo simwambii mke aseme kila siku. Namwambia aseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, watoto wakiwa wamelala: “Chujio na themosi vinanichosha. Nataka viwe vyako.” Viwe vyake vyote, pamoja na kuvikumbuka. Kuanzia usiku huo “sikuona” imekwisha thamani, kama noti iliyoondolewa sokoni. Kabla ya kuambiwa, neno hilo lingeweza kuwa la mtu mzembe asiye na nia mbaya. Baada ya kuambiwa, maana yake ni kwamba amechagua.

Na mke naye akubali sharti moja ambalo wengi hulivunja: akishakabidhi, asirudie kazi nyuma ya mgongo wa mumewe. Akiona doa limebaki na kulisugua upya huku akiguna, amerudisha kazi kwake na kumnyang’anya mwenzake nafasi ya kujifunza.

Basi bwana, vua saa yako, maana hii sasa ni yako.

Usianze na waya wa kusugulia. Najua ndiyo kitu cha kwanza mkono unachokitafuta, na kwenye sufuria ya ugali una mahali pake. Kwenye kikombe cha udongo, kwenye birika la enameli na ndani ya themosi ya kioo, waya hukwaruza, na katika mikwaruzo hiyo chai ya kesho hupata makao mazuri zaidi kuliko ya jana. Kinachotakiwa ni kuloweka, na kuloweka kunataka muda wala si nguvu.

Ukoga wa chai hulegezwa na bakingi soda; si bakingi pauda, wala hamira. Kwa themosi ya lita moja, tia vijiko viwili vya chakula, jaza maji ya moto, uiache wazi saa moja, au usiku mzima ikiwa imezoea kusahauliwa. Kama themosi ni ya kioo na imelala baridi, ipashe kwanza kwa maji ya vuguvugu, kwa sababu kioo kikishtuliwa na maji yanayochemka hupasuka. Baada ya kuloweka, mimina sehemu ya maji, tia konzi ndogo ya mchele mbichi, funga, tikisa polepole. Mchele utafika pale mkono usipofika. Suuza mara mbili tatu. Usiizamishe themosi nzima karaini, kwa maana maji yakiingia kati ya kioo na ganda hayatoki.

Magadi yetu, yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, na nyumba nyingi zinayo tayari kwa ajili ya mboga au githeri. Kijiko kimoja kidogo katika maji ya moto kinatosha vikombe vya mezani. Lakini sikiliza vizuri: usiyatie magadi, wala jivu, katika birika au sufuria ya alumini, kwa sababu huila alumini na kuifanya nyeusi. Bibi zetu walisugua kwa jivu vyombo vya udongo na vya chuma, na walijua walichokifanya. Alumini ilikuja baadaye.

Ile chokaa nyeupe iliyoganda chini ya birika haiogopi magadi hata kidogo. Hiyo huyeyushwa na uchachu. Kamua ndimu mbili katika lita moja ya maji, chemsha, acha yapoe humo humo, kisha mwaga na usuuze. Watu hupenda kutia ndimu na bakingi soda pamoja kwa sababu ya povu. Povu hilo hufurahisha macho, lakini vitu hivyo viwili vikikutana humalizana nguvu, na ukoga unabaki ukitazama. Fanya kimoja, suuza, ndipo ufanye cha pili.

Chujio la chuma tupu lichemshe dakika kumi katika maji yenye bakingi soda, kisha lipige kwa mswaki wa zamani kutoka upande wa nje, ili punje zitoke kwa njia zilizoingilia. Wengine hulichoma juu ya makaa hadi uchafu uwe majivu. Husafisha kweli, lakini waya mwembamba ukichomwa mara kwa mara hulegea na kuchanika. Chujio la plastiki lenye wavu wa nailoni usilichemshe, loweka tu. Na dawa ya kung’arishia nguo nyeupe iache mahali pake pa kufulia. Hutoboa vyombo vya chuma kisichoshika kutu ikikaa muda mrefu, na ikichanganywa na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu inayoweza kumdhuru aliyeinama juu ya karai.

Mkisha kufanya haya mara moja, mtagundua kwamba kazi yenyewe ni ndogo sana ikifanywa mapema: suuza chujio mara tu chai inapomiminwa, kabla maziwa hayajakauka, na kuloweka kutatosha mara moja kwa wiki mbili hivi.

Bado pana jambo moja ambalo halijaamuliwa, nalo ni kama doa lenyewe ni kosa. Huko Yixing nchini China hutengenezwa birika za udongo zisizopakwa kitu, na wenye nazo hawaziogeshi kwa sabuni kamwe. Ukoga wa chai ya miaka mingi ndio fahari yao. Kwao anayesugua birika ameliharibu. Na hakika utando mkavu wa chai tupu ndani ya kikombe si sumu. Anayekunywa humo haumwi tumbo kwa sababu hiyo. Mabaki ya maziwa kwenye chujio ni hadithi nyingine, hayo huchacha na kufuga vijidudu. Kwa hiyo msimrushie mwenzako neno “uchafu” kana kwamba limeandikwa mbinguni. Kwa mmoja wenu kikombe chenye rangi ya kahawia ndani ni aibu, kwa kuwa mama yake alimlea hivyo. Kwa mwingine ni kikombe tu. Kaeni mkubaliane ni kipi katika nyumba hii lazima kiwe cheupe, na ni kipi tunaweza kukiacha. Mke akigundua kwamba nusu ya mzigo wake ulitokana na macho ya majirani, ana haki ya kuutua. Mume akigundua kwamba anadai weupe ambao hajawahi kuugharimia hata dakika moja, ama aanze kuugharimia, ama aache kuudai.

Bwana Wetu alipowakemea Mafarisayo, katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo, alichagua mfano wa kikombe kilichosafishwa nje huku ndani kikiachwa. Sidhani mfano huo ulitoka kwa mtu asiyewahi kuangalia ndani ya chombo.

Wengine mnaosoma mmekuwa mkitabasamu tangu mwanzo, kwa sababu kwenu kesi hii haipo: chujio huoshwa na msichana wa kazi. Basi hamjaiepuka. Mmeihamisha tu. Mshahara unalipia mikono yake, na ni haki ulipwe kwa wakati. Hauwanunulii nyinyi ruhusa ya kutoona. Yeye pia hufanya ile kazi ya pili ya kukumbuka, naye mara nyingi hulaumiwa kwa yale ambayo hakuna aliyemweleza. Rudini jikoni kwa mara nyingine, leo hii, mkitafute kikombe anachonywea yeye chai. Katika nyumba nyingi kipo peke yake, kando ya vingine, kimepasuka mkono, na ndani ni cheusi. Kitieni bakingi soda na maji ya moto pamoja na vyenu, na kama hakifai tena, mpeni kimoja kati ya vile vya kabatini.